Nimeitwa Mafunzoni Mbali na Nyumbani: Je, Siku Zinazobaki ni Zangu?

SWALI: Shikamoo Mama Mshauri. Mimi ni mwalimu mkuu msaidizi wa shule ya msingi mkoani Tabora, na nina watoto wawili. Mwezi ujao nimeitwa kuhudhuria mafunzo ya uongozi wa shule ya majuma mawili katika chuo cha ADEM, Bagamoyo. Nitasafiri peke yangu kwenda na kurudi, jambo ambalo sijawahi kulifanya, kwa kuwa safari zangu zote za mbali nimezifanya pamoja na mume wangu au na wanafunzi wakati wa ziara za shule. Mafunzo yameangukia wakati wa likizo, na nimefikiri kwamba nikimaliza nikae siku nne au tano njiani ili niione Bagamoyo yenyewe, Morogoro na, ikiwezekana, michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo nimeifundisha darasani miaka mingi bila kuiona kwa macho yangu. Mume wangu hana pingamizi. Mama mkwe wangu, ambaye ndiye atakayebaki na watoto, amesema kwa upole kwamba mwanamke aliyetumwa kazini humaliza kazi akarudi. Mwalimu mmoja wa shuleni kwetu naye amesema mbele ya wenzake kwamba kutalii kwa posho ya serikali ni ufujaji. Je, nitakuwa nimekosea nikienda? Na kama sitakuwa nimekosea, nipange vipi safari hiyo, na jioni nitajilindaje katika miji ambayo simjui mtu?
— Mwalimu, Tabora

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na hongera kwa kuteuliwa. Nitaanza na maneno ya mwenzako, kwa sababu, hata kama yalikukera, yana hoja ndani yake inayostahili kujibiwa kabla hatujafika kwenye milima na michoro. Nilikuwa afisa utumishi katika halmashauri kwa muda mrefu, na ninavyojua mimi, malalamiko kuhusu safari za mafunzo hayaletwi na mtu kutembea. Huletwa na mtu kuchanganya siku za mwajiri na siku zake mwenyewe. Posho ya kujikimu unalipwa kwa siku za mafunzo pamoja na siku za kwenda na kurudi. Ukila kwa kiasi na kulala mahali pa bei nafuu, kinachobaki ni chako, na hupaswi kuona haya kukitumia kwa nauli ya kwenda Kondoa kuliko ambavyo mwingine angeona haya kukinunulia mabati. Usichoruhusiwa ni kudai posho ya usiku uliolala Morogoro kwa mambo yako, au kuingiza katika marejesho ya masurufu, yaani hesabu ya fedha za safari ulizokabidhiwa na mwajiri, nauli ya gari lililokupeleka kwenye michoro. Tenganisha stakabadhi tangu siku ya kwanza, za kazi katika bahasha moja na zako katika nyingine, ili ukirudi usiwe na kazi ya kukumbuka kipi kilikuwa cha nani.

Siku hizo zako nazo lazima ziwe na barua. Shule kufungwa hakumaanishi kwamba mwalimu yuko likizoni, na usikubali kuondoka kwa kauli ya mdomo ya mtu anayekutakia mema. Andika barua ya kuomba sehemu ya likizo yako ya mwaka, ipitie kwa mwalimu mkuu na afisa elimu kata hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, na usikanyage kituo cha mabasi kabla ya kupata majibu. Barua hiyo inakulinda pia kwa namna ambayo wengi hawaifikirii. Fidia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, inahusu ajali na magonjwa yanayotokana na kazi, na mtu aliyeteleza mlimani katika matembezi yake ya hiari hakuwa kazini. Ni vizuri wewe na mumeo mjue mapema ni siku gani hasa unatoka chini ya mwajiri na kuwa chini ya uangalizi wako mwenyewe. Kadi ya bima ya afya ibebe popote uendapo, na uulize kabla ya kuondoka ni vituo gani vinavyoipokea katika miji utakayolala.

Kuhusu mama mkwe wako, nakusihi usimhesabu kuwa kikwazo. Yeye ndiye atakayeamka usiku mtoto akipata homa, na neno lake limetoka katika mzigo huo. Mpe tarehe ya kurudi ambayo haitabadilika, mwandikie kwenye karatasi kila mji utakaolala na siku yake, na umwachie fedha ya matumizi ya siku za ziada ikiwa kando na ile ya siku za mafunzo, ili aone kwamba umemfikiria yeye kwanza. Kisha, mkiwa mmetulia, mzungumzie historia ya kwenu. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kwa miguu kutoka Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, hadi Bagamoyo, safari ya miezi, pembe za ndovu zikiwa mabegani, na wanawake walikuwamo katika misafara hiyo, wakipika, wakibeba mizigo na kulea watoto njiani. Hata msafara uliobeba maiti ya David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, ambao ulipumzika Unyanyembe mwezi Oktoba 1873 ukielekea pwani, ulikuwa na wanawake, akiwamo Halima aliyekuwa mpishi wake. Njia unayokwenda kuipita kwa basi na treni imepitwa na wanawake wengi kabla yako, na wewe, kama mwalimu, una sababu ya haki ya kutaka kuijua.

Sasa mpango wenyewe. Ushauri wangu, ambao nimewapa wengi, ni kwamba kwenda uende moja kwa moja, na matembezi yote uyaweke wakati wa kurudi. Mtu anayetembea wakati wa kwenda huwa na wasiwasi wa kuchelewa, na basi likiharibika anafika darasani siku ya pili, jambo ambalo litamwonyesha vibaya mbele ya mwajiri hata kama kosa ni la gari. Faida nyingine ni kwamba baada ya majuma mawili utakuwa umekaa na walimu wa mikoa mingine, na katika darasa kama hilo huenda akawamo wa Kondoa au wa Morogoro. Mtu huyo mmoja atakuambia ni gesti gani ina maji na heshima, kwa usahihi ambao hakuna kitabu cha wageni watalii kinachoweza kukupa.

Kutoka Tabora panda basi la asubuhi hadi Dodoma, ulale hapo, na kesho yake upande treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, ambayo tangu Julai 2024 inabeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam kwa muda wa takriban saa nne au pungufu. Kata tiketi mapema, kwa jina lile lile lililo katika kitambulisho chako. Treni ya zamani ya reli ya kati, ambayo njia yake ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, naipenda sana, hasa daraja la pili la kulala ambako wanawake huwekwa pamoja katika chumba kimoja na mazungumzo yakakolea mpaka usiku wa manane. Lakini haiondoki kila siku, na si ya mtu anayewahi mafunzo. Ifikirie wakati wa kurudi, kutoka Dodoma hadi nyumbani, kama ratiba itakubali. Dar es Salaam usikae. Nenda kituo cha Makumbusho, upande gari la Bagamoyo, na kwa umbali wa kilomita 70 hivi utakuwa umefika kabla ya giza.

Bagamoyo yenyewe haihitaji siku ya ziada hata moja, kwa sababu utakuwa na mwisho wa juma katikati ya mafunzo, na hakuna anayeweza kukulaumu kwa Jumamosi na Jumapili yako. Hapa ndipo ningekuomba utumie muda wako kwa wingi. Asubuhi ya Jumamosi nenda Kaole, kilomita tano hivi kusini mwa mji, ukaone magofu ya msikiti ambao asili yake inarejeshwa hadi karne ya 13 na makaburi yenye minara, kisha umwombe mwongozaji wa hapo akueleze jinsi mji wa Kaole ulivyopungua nguvu na Bagamoyo ukainuka. Mchana rudi mjini, upite taratibu Mtaa wa India wenye milango ya nakshi, Ngome Kongwe, na Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1897, wakati ambapo mji ulikuwa umekwisha kupoteza makao makuu ya koloni yaliyohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Usiharakishe katika jumba la Caravan Serai, palipokuwa kituo cha misafara. Wewe unatoka upande wa pili wa njia ile ile, na vitu ambavyo mgeni wa Ulaya huvitazama dakika tano, wewe utavitazama ukiwafikiria watu wa kwenu waliofika hapo wakiwa na mizigo, na wengine wengi waliofika wakiwa wamefungwa minyororo.

Jumapili iwe ya misheni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliifungua mwaka 1868 na wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na makumbusho yaliyomo humo yanasimulia habari hizo pasipo kuzificha. Ni hapo maiti ya Livingstone ilipofikishwa tarehe 24 Februari 1874, baada ya watumishi wake Susi na Chuma na wenzao kuibeba kutoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, kabla ya kuvushwa Zanzibar na hatimaye kuzikwa London. Watalii wengi hupiga picha mnara wa kanisa wakaondoka. Wewe tembea mpaka makaburini. Jioni, kama wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha mji huo, wana onyesho, usiache kwenda, na uende pamoja na wenzako wa darasani.

Siku zako za likizo zikianza, nakushauri uchague maeneo mawili, usijaribu matatu. Morogoro mpe usiku mmoja au miwili. SGR inasimama hapo, na milima ya Uluguru imeinamia mji kiasi kwamba mtu anayeamka mapema anaweza kupanda hadi Morningside, lilipo jengo la enzi za Wajerumani, akashuka kabla ya jua kuwa kali. Usipande peke yako hata kama njia inaonekana ya wazi. Wako vijana wanaofanya kazi ya kuongoza wageni, na ada yao ni halali yao. Hifadhi ya Mikumi iko karibu, lakini kwa mtu mmoja gharama ya kukodi gari ndani ya hifadhi ni kubwa mno, na ningeiacha kwa siku utakayokuja na familia.

Kondoa ndiyo safari unayoitamani, na unastahili kuipata. Shuka treni Dodoma, ulale, na asubuhi upande gari la barabara ya Babati hadi mji wa Kondoa, ambao ndio mahali pazuri pa kulala, kisha uendelee hadi Kolo, iliko ofisi ya michoro hiyo. Hapo utalipa kiingilio, ambacho kwa raia ni kidogo, na utapewa mwongozaji. Michoro iko mbali na barabara kuu, kwa hiyo ukubaliane bei ya usafiri wa kwenda na kurudi kabla ya kuondoka ofisini, mwongozaji akisikia. Eneo hilo liliandikishwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Utaona watu warefu wembamba wa rangi nyekundu, wanyama waliochorwa na wawindaji wa kale, na juu yao michoro myeupe iliyokuja baadaye. Utaambiwa pia kwamba mwamba wa Mungomi wa Kolo bado ni mahali pa matambiko kwa Warangi, na jambo hilo, kwa maoni yangu, ndilo la kwanza kuwaeleza wanafunzi wako, maana vitabu vya shule huzungumza kama kwamba mahali hapo palikwisha kufa. Usiguse ukuta, na akija mtu akitaka kumwagia maji ili rangi zionekane vizuri, mkataze kwa heshima, kwa sababu ni tabia iliyoharibu michoro mingi.

Limebaki suala la jioni, na sitaki kulipuuza, kwa sababu hofu yako ina msingi. Fika kila mji mchana, uchague gesti mchana, na kabla ya kulipa ukague komeo la mlango, dirisha, na kama yupo mlinzi wa usiku. Hosteli za makanisa na za taasisi za dini, ambazo hupokea wageni wa imani zote, mara nyingi ni tulivu kuliko gesti zilizo karibu na baa. Katika kitabu cha wageni andika habari za kweli, kwa kuwa kitabu hicho ndicho kitakachoangaliwa ukitafutwa, lakini namba ya chumba chako usimtajie mtu uliyekutana naye njiani hata akiwa mcheshi na mkarimu. Kubalianeni wewe na mumeo saa maalumu ya kupigiana simu kila siku, na akijua kwamba usipopatikana atapiga gesti, kisha polisi kwa namba 112, yeye atalala kwa amani, nawe pia utalala. Fedha iwe kwenye simu, na taslimu igawe sehemu mbili.

Chakula cha jioni ndicho huwashinda wanawake wengi wanaosafiri peke yao. Hununua mkate wakajifungia chumbani, si kwa njaa ndogo bali kwa kuona haya kukaa mezani peke yao. Nenda mapema, saa kumi na mbili, wakati familia na wafanyakazi bado wanakula, ukae karibu na mhudumu, umsalimie, umuulize jina. Mwanamume akija kukusumbua, mjibu mara moja kwa sauti inayosikika kwamba unakula na hutaki mazungumzo. Mhudumu uliyemsalimia kwa jina atakuwa upande wako.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni fundi mitambo mwenye umri wa miaka 26, nafanya kazi katika kampuni moja Mombasa. Kampuni inanituma Kigali kwa mafunzo ya siku tano ya mashine mpya, na tiketi ya ndege wamekata. Sijawahi kutoka nje ya Kenya. Mafunzo yanaisha Ijumaa, na ningependa kurudi Jumatatu badala ya Jumamosi, lakini naogopa kumwambia meneja asije akadhani sikuja kusoma. Pia nimesikia kuwa Jumamosi hiyo, kwa kuwa ni ya mwisho wa mwezi, mji wote hufungwa. Je, nahitaji pasipoti, na kwa siku mbili naweza kuona nini?
— Fundi, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie meneja sasa, kabla ya safari, kwa maandishi mafupi: kwamba unaomba kurudi Jumatatu, kwamba tofauti ya nauli na malazi utalipa mwenyewe, na kwamba Jumanne asubuhi utakuwa kazini na ripoti ya mafunzo mkononi. Kinachomuudhi mwajiri ni kugundua tiketi imebadilishwa baada ya wewe kuondoka. Uliza pia bima ya safari ya kampuni inaishia siku gani, kwa kuwa kwa kawaida hufuata tarehe za kazi, na kama inaishia Ijumaa jikatie yako ya kuanzia Jumamosi hadi utakaporudi Jumatatu.

Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Hata hivyo, kama una pasipoti au hati ya safari ya Afrika Mashariki, ichukue, na uulize shirika la ndege mapema wanataka nini langoni. Mizigo usiifunge katika mifuko ya plastiki, ambayo Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008.

Ulichosikia kuhusu Jumamosi ni kweli. Siku hiyo ni ya Umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha na kujenga mitaa, na kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi maduka hufungwa na magari huwa machache mno barabarani. Usijifungie hotelini. Mwombe mwenyeji wa nyumba ya wageni akupeleke, ushike jembe au ufagio pamoja na majirani, na baada ya kazi ukae katika mkutano wao, maana hutapata njia bora zaidi ya kuwafahamu watu wa mji kwa asubuhi moja. Ndiyo maana nakushauri ulale Nyamirambo, mtaa wa zamani wenye misikiti na chai ya maziwa, ambako Kiswahili chako cha Mombasa kitaeleweka. Lugha hiyo ni rasmi nchini humo tangu mwaka 2017.

Mchana wa Jumamosi nenda Gisozi, kwenye Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari iliyofunguliwa mwaka 2004, ambako wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Usipange starehe yoyote baada ya hapo, na usimuulize mwenyeji wako alikuwa wapi mwaka 1994 isipokuwa aanze mwenyewe kuzungumza. Ukipanda pikipiki, utapewa kofia ngumu na dereva. Ivae na uifunge, ni sheria.

Jumapili panda basi la mapema kutoka kituo cha Nyabugogo hadi Huye, mji wa chuo kikuu ulio kusini, ukaone makumbusho ya mila na maisha ya Wanyarwanda yaliyofunguliwa mwaka 1989. Wewe ni fundi, kwa hiyo anza na vifaa vya ufuaji wa chuma na ufumaji kabla ya kitu kingine chochote. Kata tiketi ya kurudi Kigali mara tu unapofika Huye, ya saa tisa alasiri, ili ufike kabla ya magari kujaa na uwe na jioni yote ya kuandika ripoti yako.